Chupa mbili za bonde la Douro, moja tamu moja kavu: wajuvi wa mvinyo wa Ureno njooni

#1 Kisimani
Wakuu salaam. Kaka yangu amerudi likizo kutoka Lisbon na chupa mbili. Ya kwanza imeandikwa Porto, kilevi asilimia 20, utamu wake unaganda mdomoni. Ya pili imeandikwa Douro, tinto (yaani nyekundu), asilimia 14, kavu kabisa, inakausha ulimi. Nikaingia kwenye ramani, nikakuta zote zinatoka bonde lilelile la mto Douro, na zabibu zilizotajwa nyuma ya chupa ni zilezile: Touriga Nacional, Touriga Franca, Tinta Roriz.

Maswali yangu ni mawili. Zabibu za bonde moja zinatoaje vinywaji visivyofanana hata chembe? Na nani alianza kuufanya ule mtamu uwe mtamu, na kwa nini? Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Natanguliza shukrani.

#2 Nyundo ya Kichwa
Rahisi hiyo mkuu. Ile tamu wametia sukari. Mods fungeni uzi.

#3 BandariYaMto
Usifungwe bado. @Nyundo hakuna sukari inayotiwa. Nakaa mji wa Porto, kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye maghala ya mvinyo ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto, kwa hiyo hili nalisema kila siku ya Mungu.

Zabibu zikipondwa, hamira inaanza kula sukari na kutoa kilevi. Ukiiacha imalize, unapata mvinyo mkavu kama chupa ya pili ya @Kisimani. Kwa Porto hawaiachi imalize. Siku ya pili au ya tatu, sukari ikiwa imebaki karibu nusu, wanamwaga aguardente, yaani spiriti iliyokenekwa kutoka kwenye mvinyo, yenye asilimia 77. Ni kama sehemu moja ya spiriti kwa sehemu nne za juisi. Hamira inakufa, na sukari ambayo haijaliwa inabaki humo. Utamu ni wa zabibu yenyewe, ukali ni wa spiriti.

Sasa, kwa kuwa juisi inakaa na maganda siku chache tu, rangi na tanini (ule ukakasi unaokausha ulimi) lazima zitoke haraka. Ndiyo sababu ya kukanyaga kwa miguu. Wanaingia kwenye *lagar*, birika pana la mawe, juisi inafika mapajani. Saa za mwanzo wanashikana mabega kwa mistari, mmoja anahesabu, kushoto, kulia, hakuna kuchezacheza. Wakimaliza sehemu hiyo wanaachiwa, kinanda kinapigwa, kila mtu anacheza anavyotaka humohumo ndani. Siku hizi mashamba mengi yana mashine zinazoiga mguu, lakini kwa Porto za bei kubwa wapo bado wanaokanyaga.

#4 Nyundo ya Kichwa
Sawa, sukari haikutiwa. Ila miguu imetiwa. Sijui lipi nafuu 😂

#5 Kisimani
@BandariYaMto asante sana, swali la kwanza limeisha. Bado la pili: nani alianza?

#6 Mwl. Kipindi cha Nne
Hili ni suala la vita na ushuru. Uingereza na Ufaransa walikuwa wanagombana kila mara, na kila wakigombana mvinyo wa Bordeaux unapigwa marufuku au unatozwa ushuru mkubwa. Waingereza wanywaji, wakageukia Ureno. Mwaka 1703 ukasainiwa mkataba wa Methuen: vitambaa vya sufu vya Kiingereza viingie Ureno, na mvinyo wa Ureno uingie Uingereza kwa ushuru pungufu kwa theluthi kuliko ule wa Ufaransa. Biashara ikalipuka. Lakini safari ya bahari ni ndefu na mvinyo wa kawaida unaharibika njiani. Wafanyabiashara wakaanza kuongeza brandi kidogo kwenye mapipa ili ufike salama. Hapo ndipo Porto ilipozaliwa.

#7 Mvita Damu
Mwalimu heshima yako, lakini mie nilisikia hadithi nyingine. Mwaka 1678 wafanyabiashara wa Liverpool walifika Lamego, huko juu karibu na Douro, wakamkuta abati wa monasteri ana mvinyo laini, mtamu, hawajawahi kuonja mfano wake. Wakamuuliza siri, akawaambia anatia spiriti wakati juisi ingali inachemka, si baadaye. Wakanunua wote. Kwa hiyo mwenyewe ni mtawa, si nahodha.

#8 BandariYaMto
Hadithi ya abati wa Lamego tunawasimulia wageni, wanaipenda sana. Lakini tutofautishe mambo mawili ambayo #6 na #7 wanayachanganya. Kutia brandi kidogo kwenye mvinyo *ulioisha* kuchachuka, kwa ajili ya safari, ni jambo moja. Unabaki mkavu, unazidi ukali tu. Kutia spiriti *katikati* ili kuikata hamira ni jambo jingine kabisa, na hilo halikuwa kawaida kwa wote mpaka karne ya 19.

Maelezo ninayosikia zaidi kwa watu wa huku ni mwaka 1820. Jua lilikuwa kali, zabibu zikaiva kupita kiasi, mvinyo ukatoka mtamu na mzito wenyewe. Wateja wa London wakaupenda. Miaka iliyofuata haikuwa hivyo, wateja wakalalamika, wauzaji wakaanza kukata uchachu kwa spiriti ili kuwapa ladha ileile.

#9 Dokta Udongo
Nyote mnaangalia soko, hamuangalii shamba. Bonde la Douro limezibwa na milima ya Marão upande wa bahari, mvua inabaki huko. Kadiri unavyopanda kuelekea Uhispania ndivyo joto na ukavu vinavyozidi: Baixo Corgo, halafu Cima Corgo, halafu Douro Superior. Mwamba ni shisti, unapasuka kwa tabaka zilizosimama, mizizi inapenya kati ya nyufa kwenda kutafuta maji chini. Zabibu zinatoka ndogo, ganda nene, sukari nyingi.

Juisi yenye sukari nyingi ikichachuka kwenye joto la Septemba bila kupozwa inapanda moto, hamira inachoka na kufa njiani, bakteria wanaingia, mnapata siki. Mkulima wa karne ya 18 hakuwa na friji. Kumwaga spiriti mapema ndiyo ilikuwa njia ya kuokoa mavuno. Mahitaji ya soko yalikuja juu yake baadaye.

Ushahidi? Mvinyo mkavu wa Douro uliopata jina kubwa kwanza ni Barca Velha wa mwaka 1952, kazi ya Fernando Nicolau de Almeida wa kampuni ya mvinyo ya Ferreira. Ili kupoza mapipa ya kuchachulia, alisafirisha barafu kwa lori usiku kutoka Matosinhos, bandari ya samaki karibu na Porto. Bila barafu hakuna mvinyo mkavu wa maana kule.

#10 Mwl. Kipindi cha Nne
@Dokta hoja nzuri lakini ina tundu. Alentejo, kusini mwa Ureno, kuna joto kuliko unavyosema, na hawakutia spiriti. Wao walichachusha kwenye *talha*, mitungi mikubwa ya udongo, mingine inafika kimo cha mtu, desturi iliyoanzia zama za Warumi. Vidigueira na Vila de Frades wanafanya hivyo hadi leo, na mitungi inafunguliwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Kama joto ndilo sababu, mbona Alentejo hawakupata Porto yao?

#11 Dokta Udongo
Kwa sababu mtungi wa udongo unapumua na unapozwa kwa kumwagiwa maji nje, na mvinyo wenyewe ulinywewa palepale kabla ya kiangazi kijacho. Usilinganishe kinywaji cha kijijini na cha kupelekwa London.

#12 Mwl. Kipindi cha Nne
Basi umerudi kwenye soko mwenyewe. Asante.

#13 Nyundo ya Kichwa
Dokta kapigwa chenga 😂 naongeza kiti hapa.

#14 Ustadh wa Mchangani
Assalaam alaykum. Mimi kinywaji hiki situmii, lakini historia yake naifuatilia maana Wareno hatuwajui kwa kusoma tu, ngome yao ipo Mombasa. Naomba mniambie, serikali ya Ureno ilikuwa wapi wakati wote huo? Waingereza wanapanga bei, Waingereza wanapanga ladha?

#15 Mwl. Kipindi cha Nne
Wa alaykum salaam Ustadh, swali zito. Serikali ilikuja kwa mkono wa chuma. Katikati ya karne ya 18 bei ilianguka kwa sababu watu walikuwa wanachakachua: wanachanganya mvinyo wa kutoka kwingine, wanatia tunda la *elderberry* ili rangi ikolee. Mwaka 1756 Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu kuliko mfalme, akaunda Kampuni ya Alto Douro na kuchora mipaka ya eneo la Porto, mawe ya itale zaidi ya 300 yakasimikwa. Ile miti ya elderberry ikaamriwa ing'olewe. Douro likawa eneo la kwanza duniani kuwekewa mipaka ya mvinyo.

Mwaka 1757 watu wa mji wa Porto wakaandamana kwa sababu Kampuni iliwanyang'anya biashara ya vilabu vya pombe. Pombal akawanyonga baadhi yao. Ndiyo ladha iliyopo kwenye ile chupa ya mleta mada.

#16 BandariYaMto
Mwalimu, hapo kwenye "kwanza duniani" pana ubishi. Chianti ya Italia ilichorewa mipaka mwaka 1716, na Tokaj ya Hungaria mwaka 1737. Douro inajivunia kuwa ya kwanza kuwa na mipaka *pamoja na* chombo cha kusimamia ubora, bei na usafirishaji. Hapa Porto ukisema vinginevyo watakutoa nje, lakini tuwe wakweli.

Na hayo mashamba bado yanapangwa madaraja, A hadi F, kwa kuangalia mwinuko, mteremko, udongo na umri wa mizabibu. Daraja ndilo linaloamua shamba linaruhusiwa kugeuza juisi kiasi gani kuwa Porto mwaka huo. Inayobaki inakuwa mvinyo mkavu. Kwa hiyo @Kisimani, inawezekana kabisa chupa zako mbili zimetoka kwenye shamba moja, siku moja ya mavuno.

#17 Kisimani
Hili la #16 ndilo nililokuwa nalitafuta. Umetisha mkuu.

#18 Mvita Damu
Na yule baroni aliyezama mtoni vipi? Naye anahusika au ni porojo?

#19 BandariYaMto
Anahusika sana. Joseph James Forrester, Mwingereza, alichora ramani ya mto Douro. Mwaka 1844 akatoa kijitabu akiwalaumu wafanyabiashara wenzake kwa kutia spiriti na uchafu mwingine. Alitaka mvinyo wa Douro ubaki mkavu na safi. Alishindwa, soko lilishataka utamu. Mwaka 1861 mashua yake ikapinduka kwenye maporomoko ya Cachão da Valeira akafa. Ndani alikuwemo pia Dona Antónia Ferreira, mwanamke tajiri kuliko wote bondeni, naye akapona. Watu husimulia kwamba sketi yake pana ilijaa hewa ikamwelea, na Forrester alivutwa chini na mkanda wa fedha kiunoni. Kuzama kwake ni kweli, sketi na mkanda ni simulizi.

Tazama sasa: leo mvinyo mkavu wa Douro unauzwa bei kubwa dunia nzima. Alichokililia Forrester kimekuja, amechelewa kukiona.

#20 Likonde wa Mpakani
Mimi natokea Mtwara, nimefanya kazi Pemba ya Msumbiji. Ukitaka kuujua mvinyo wa Ureno bila kupanda ndege, vuka Ruvuma. Duka la kawaida kabisa lina Alentejo, lina Vinho Verde, na lina *garrafão*, dumu la chupa la lita tano.

Lakini tusisifie tu. Wakati wa ukoloni Ureno ilikuwa na mvinyo wa hovyo mwingi usio na mnunuzi, ikaumwaga Lourenço Marques, Maputo ya leo. Uliolengwa hasa ni vijana wanaorudi na mshahara kutoka migodi ya Afrika Kusini. Pombe za kienyeji zikawekewa vikwazo ili watu wanunue ule wa meli. Wazee kule wanalisema jambo hili kwa uchungu. Mwalimu ametaja walionyongwa Porto, basi na hawa watajwe.

#21 Ustadh wa Mchangani
@Likonde umesema neno. Ahsante kwa hili.

#22 Shangazi wa Restoranti
Habari zenu. Nahudumia mvinyo hotelini Unguja, naona mmezama karne ya 18, ngoja niwasaidie wenye chupa mezani. @Kisimani tazama lebo ya Porto:

Ruby ni ya matangi na mapipa makubwa, hewa haiingii sana, nyekundu na ina tunda. LBV (Late Bottled Vintage) ni ya mavuno ya mwaka mmoja, imekaa miaka minne hadi sita ndipo ikatiwa kwenye chupa. Vintage inatiwa kwenye chupa mapema, kati ya mwaka wa pili na wa tatu, halafu inakua humo kwa makumi ya miaka. Tawny imekaa kwenye mapipa madogo, hewa imeifanya kahawia, inanukia karanga na matunda makavu. Ukiona miaka 20 ujue huo ni wastani wa umri.

Na msiinywe ikiwa na joto la chumba cha Dar! Watu husoma "room temperature" kwenye vitabu vya Ulaya. Ruby na tawny ziingie kwenye friji kwanza. Zikifunguliwa, ruby wiki mbili hivi, tawny hata mwezi na zaidi, vintage siku mbili tu imekwisha.

#23 BandariYaMto
Shangazi kongole, isipokuwa hapo kwenye wastani. Umri wa tawny hauhesabiwi kwa kikokotoo. Mchanganyiko unapelekwa IVDP, taasisi ya mvinyo wa Douro na Porto, jopo linaonja na kuamua kama una sura ya miaka 10, 20, 30, 40 au 50. Usipofanana, hupewi. Ukitaka mwaka halisi wa mavuno kwenye tawny, tafuta iliyoandikwa Colheita, hiyo imekaa kwenye pipa si chini ya miaka saba.

#24 Shangazi wa Restoranti
Wauzaji wanaotuletea semina wote husema wastani. Nitawauliza tena. Ila kwa mteja tofauti haionekani, anataka kujua kama ni nzee au changa.

#25 Mgogo Halisi
Mnahangaika na joto la Dar, hapo hamjataja Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilo. Huo ndio mvinyo usioogopa jua. Sisi wa Dodoma tunaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka tungefaa tujifunze kwao badala ya kuiga Bordeaux.

#26 Dokta Udongo
Kweli kabisa. Madeira ilikuwa kituo cha meli zinazoenda tropiki. Mapipa yaliyovuka ikweta na kurudi yalionekana *bora* kuliko yaliyobaki kisiwani, wakauita *vinho da roda*. Baadaye wakaacha kulipa nauli wakaleta joto nyumbani. Wa bei nafuu unapashwa kwenye tangi, nyuzi 45 hadi 50, miezi mitatu. Mzuri unaachwa kwenye mapipa darini kwa miaka, paa linachomwa na jua. Umeshapikwa, umeshapigwa hewa, chupa ikifunguliwa inakaa miezi bila kubadilika. Na jina la zabibu linakupa kiwango cha utamu: Sercial kavu, Verdelho inafuata, Boal tamu, Malvasia tamu zaidi.

@Mwalimu, unaona? Hapa nako joto ndilo lililotengeneza mvinyo.

#27 Mwl. Kipindi cha Nne
Na meli ndizo zilizobeba mapipa. Soko, Dokta, soko.

#28 Nyundo ya Kichwa
Hawa wawili wapewe chumba chao. Mimi nina swali la mtu wa kawaida: nilikunywa Vinho Verde Kigamboni, nyeupe, nyepesi, ina mapovu madogo. Ilikuwa imeharibika au?

#29 Shangazi wa Restoranti
Haikuharibika. Ndivyo ilivyo, inatoka Minho, kaskazini magharibi, kwenye mvua nyingi. Kilevi chake kidogo, mara nyingi asilimia 9 hadi 11, asidi kali. Mapovu ni ya uchachu uliomalizikia ndani ya chupa.

#30 BandariYaMto
Zamani ndiyo. Ule uchachu wa pili ulitokea kwenye chupa. Leo nyingi za bei ndogo wanatia gesi ya kaboni wakati wa kujaza. Na za bei kubwa, hasa Alvarinho ya Monção na Melgaço mpakani na Uhispania, hazina povu kabisa, kilevi kinafika 13, na zinatunzika miaka. Kwa hiyo anayesema Vinho Verde ni "maji yenye limao" hajafika Monção.

#31 Mvita Damu
Mie naomba msaada wa chakula. Nina pweza wa nazi Jumamosi na nimeona Alvarinho kwenye supamaketi hapa Nyali. Inakubali?

#32 Shangazi wa Restoranti
Inakubali sana. Asidi yake inakata nazi. Punguza pilipili tu, kilevi na pilipili vinachocheana.

#33 Likonde wa Mpakani
Shangazi, Pemba tulikuwa tunakula pweza na nyekundu. Kuna Vinho Verde nyekundu ya zabibu ya Vinhão, nyeusi inatia rangi meno, na Minho kwenyewe wanainywa kwenye bakuli jeupe la kauri, si glasi. Kwa pweza wa kuchoma haina mpinzani.

#34 Shangazi wa Restoranti
Wa kuchoma, nakubali. Wa nazi, hapana. Tanini na nazi ni ugomvi mdomoni.

#35 BandariYaMto
Vinhão ina asidi kuliko tanini, Shangazi. @Mvita nunua zote mbili ulete mrejesho Jumapili.